Casio GW-M5610U: inunue kwa ajili ya jua, redio iwe nyongeza

Mambo mawili ndiyo yanayowavuta watu kwenye saa hii ya mkono: inajichaji kwa mwanga, na inajirekebisha yenyewe kwa mawimbi ya redio. Matangazo huyapa yote mawili uzito sawa. Kwenye matumizi hayalingani hata kidogo. La kwanza linafanya kazi popote penye mwanga. La pili linategemea uko umbali gani na minara sita tu duniani, na aliye nje ya masafa ya minara hiyo atakuwa amelipia kifaa ambacho hakitamsaidia mpaka asafiri, au mpaka ajue njia ya kuzunguka tatizo hilo. Njia ipo, na tutaieleza.

Umbo ni lile la mraba la G-Shock (saa za Casio zinazostahimili misukosuko) ya kwanza kabisa, DW-5000C ya mwaka 1983. Ina upana wa milimita 43.2, urefu wa milimita 46.7, unene wa milimita 12.7 na uzito wa gramu 52 hivi, kwa hiyo hata mwenye mkono mwembamba haimlemei. Inastahimili maji hadi kiwango cha mita 200. Ina kengele tano, kipima muda cha hadi saa 24, stopwochi na saa za miji 48. Herufi U mwishoni mwa jina ndiyo inayoitofautisha na GW-M5610 ya zamani: taa ya ndani sasa ni ya LED. Ile ya kwanza ilitumia karatasi inayong'aa rangi ya buluu-kijani, na karatasi hiyo hufifia kadiri miaka inavyokwenda. Ukikuta ya zamani inauzwa kwa bei nafuu, saa ni nzuri, ila ijaribu taa gizani kwanza.

Mwanga: hesabu ni moja tu

Paneli ya sola si kioo chenyewe. Ni ule ukanda mweusi unaozunguka sehemu ya namba. Igeuze saa polepole chini ya mwanga, utaona mistari myembamba inayoigawa paneli vipande vipande. Kwa hiyo kinachotakiwa kuona mwanga ni uso wa saa, na uso wote. Mkono wa shati ukifunika nusu yake, kipande kilichobaki gizani huvuta chini umeme wa paneli nzima.

Kwa matumizi ya kawaida ya siku moja, mtengenezaji anatoa vipimo hivi: dakika 5 kwenye jua la nje lenye luksi 50,000 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), dakika 24 dirishani kukiwa na luksi 10,000, dakika 48 dirishani siku ya mawingu, luksi 5,000, na saa 8 chini ya taa ya ofisini yenye luksi 500. Zidisha mwanga kwa muda kwenye kila mstari, jibu linakaribia kuwa lile lile, kama 240,000. Maana yake hakuna mwanga wenye uchawi. Mwanga hafifu kwa muda mrefu unalipa deni sawa na mwanga mkali kwa muda mfupi, mradi deni lenyewe ni la siku moja.

Shida huanza deni linapokuwa kubwa. Taa ya ofisini hutunza chaji iliyopo, lakini haiwezi kuipandisha betri iliyoshuka sana mpaka ijae. Saa iliyokaa kwenye boksi gizani miezi mingi inahitaji jua, tena zaidi ya saa kumi za jua kali, zikigawanywa kwa siku kadhaa. Ilaze dirishani, uso ukitazama nje, kila siku uitoe kwenye kivuli. Vioo vilivyotiwa rangi hupunguza mwanga kuliko macho yanavyokuambia, kwa hiyo mbele ya dirisha la namna hiyo ongeza muda maradufu.

Adui wa betri ni joto. Mtengenezaji anakataza kuchajia pale ambapo saa itazidi nyuzi 60 za Selsiasi, na sehemu za namna hiyo ziko nyingi kuliko inavyodhaniwa: dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, karibu na balbu ya zamani ya waya, chini ya taa ya halojeni, juu ya bati au jiwe lililopigwa na jua la adhuhuri. Dalili ya kwanza ni namba kuwa nyeusi uso mzima. Hilo peke yake si kuharibika, zitarudi saa ikipoa. Betri ndiyo inayoumia kimyakimya, na utakuja kuona miezi baadaye chaji ikipanda haraka na kushuka haraka. Ukitaka kuchaji juani mahali penye joto kali, tumia jua la asubuhi au la alasiri, na iweke saa juu ya kitambaa chenye rangi nyeupe. Taa ya mezani ya LED nayo inafaa kwa sababu haitoi joto jingi. Iweke umbali wa shubiri moja na uiguse saa mara kwa mara. Ikiwa ya moto mkononi, isogeze.

Kusoma alama za chaji

H ni imejaa, M ni ya kati, na zote mbili ni hali ya kawaida. Watu wengi husumbuka wakiona M, wakadhani betri imechoka. Saa inaweza kukaa M miaka na ikafanya kila kitu. Kinachohitaji hatua ni L inayowaka na kuzima. Hapo taa ya ndani, milio na upokeaji wa redio vyote vinafungwa ili muda uendelee kuhesabiwa. Ukiendelea kuipuuza, namba zinapotea na kubaki CHG inayomwekamweka. Chini ya hapo uso unakuwa mtupu, muda unapotea, na mipangilio inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Ndiyo maana saa iliyofufuliwa kutoka hali hiyo huonyesha saa za Tokyo: hakuna kilichoharibika, inasubiri uiambie uko mji gani.

Alama mbili huwachanganya watu. Ya kwanza ni R inayomweka baada ya kuwasha taa mara nyingi mfululizo au kengele kulia sana. Umeme umetolewa kwa haraka kuliko betri inavyoweza kutoa, na baadhi ya kazi husimama kwa muda. Iache itulie, itarudi. Ikijirudia kila mara ilhali taa haitumiki sana, basi betri imezeeka. Ya pili ni H inayotokea mara tu saa ikiwekwa juani. Mwanga mkali hupandisha usomaji kwa muda, kwa hiyo itoe juani, subiri dakika chache, ndipo usome. Muuzaji anayekuonyesha H huku ameishika saa chini ya jua au taa kali hajakuonyesha kitu.

Ikijaa kabisa, betri inabeba saa miezi 10 hivi bila mwanga wowote. Hesabu hiyo inachukulia kwamba kwa siku unawasha taa mara moja kwa sekunde moja na nusu, kengele inalia sekunde 10, na redio inapokea kwa dakika 4. Sasa fikiria mtu aliyewasha taa ya kujiwasha, ile inayowaka saa ikiinamishwa kuelekea usoni. Akiwa anatembea au anaendesha gari usiku, inawaka mara kadhaa bila yeye kuitaka. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya saa kushuka M hadi L kwa mtu anayevaa mikono mirefu. Izime, kisha angalia tena baada ya wiki mbili kabla ya kumlaumu fundi au betri.

Inapolala

Saa ikikaa gizani dakika 60 hadi 70, kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi, huzima namba na kubakiza alama ya PS. Kazi nyingine zote zinaendelea. Ikikaa gizani siku 6 au 7, inazidi kulala: milio inakufa, na upokeaji wa redio pia, muda tu ndio unaohesabiwa. Kwa hali hii inaweza kukaa karibu miezi 22 gizani. Kuiamsha ni kuibonyeza kitufe chochote, kuileta penye mwanga au kuiinamisha kuelekea usoni. Kumbuka kwamba hata ikiwa mkononi, chini ya koti, inaweza kulala.

Wapo wanaoizima kazi hii kwa sababu kioo kitupu kinawatisha. Si uamuzi mzuri. Kama saa yako inakaa kwenye droo zaidi ya kuvaliwa, kulala ndiko kunakoiokoa. Na anayetegemea kengele yake alfajiri asiwe na wasiwasi: usingizi wa usiku mmoja haunyamazishi kengele, usingizi wa wiki nzima ndio unaonyamazisha.

Minara sita

Saa inasikiliza mawimbi marefu kutoka vituo hivi: DCF77 cha Mainflingen, Ujerumani, kwa kHz 77.5, MSF cha Anthorn, Uingereza, kHz 60, WWVB cha Fort Collins, Marekani, kHz 60, JJY vya Japani, viwili, kimoja Fukushima kwa kHz 40 na kingine Kyushu kwa kHz 60, na BPC cha Shangqiu, China, kHz 68.5. Masafa anayotaja mtengenezaji ni kilomita 3,000 kwa Fort Collins, 1,500 kwa Ujerumani, Uingereza na China, na 1,000 kwa vile vya Japani. Ukiwa mbali zaidi ya kilomita 500 na mnara, kuna majira na saa ambazo hautapokea. Hakuna hata kimoja kati ya vituo hivi kilicho Afrika, Amerika ya Kusini au Australia.

Msimbo wenyewe ni wa polepole ajabu. Chukua DCF77: mwanzoni mwa kila sekunde nguvu ya wimbi inashushwa kwa sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Kushuka kufupi ni sifuri, kurefu ni moja. Sekunde ya 59 haishuki, na hapo kipokezi kinajua dakika mpya inaanza. Dakika, saa, tarehe na mwaka vinahitaji dakika nzima kukamilika, na saa hairidhiki na nakala moja, inalinganisha. Ndiyo maana kupokea huchukua dakika 2 hadi 7 kwa kawaida, na hata 14 mawimbi yakiwa dhaifu. Ukiisogeza katikati, umeharibu nakala na inaanza upya.

Majaribio hufanyika yenyewe kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri, hadi mara sita, na likifaulu moja mengine ya usiku huo yanaachwa. Usiku umechaguliwa kwa sababu mawimbi haya husafiri mbali zaidi jua likizama, na vyombo vya umeme majumbani vimepungua kelele. Iweke karibu na dirisha, upande wa namba 12 ukitazama nje. Iondoe juu ya chuma, kompyuta, televisheni, na hasa chaja za simu: chaja ndogo iliyochomekwa ukutani karibu na kitanda hutoa kelele za umeme ambazo zinaweza kuzima kabisa wimbi lililosafiri kilomita elfu moja. Antena ni kijiti kidogo kilichozungushiwa waya, nayo husikia vizuri upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo ukishindwa siku mbili tatu, igeuze saa robo duara kabla ya kubadilisha chumba. Ndani ya jengo la zege lenye nondo nyingi, dirisha la upande wa mnara linaleta tofauti kubwa.

Betri ikiwa L, usijisumbue na redio. Chaji kwanza.

Sasa kosa linaloleta malalamiko mengi kuliko yote: dakika na sekunde ziko sawa kabisa, ila namba ya saa ndiyo imekosea. Hilo si kosa la mnara. Ni mji wa nyumbani uliowekwa vibaya, au saa za majira ya joto (utaratibu wa nchi fulani wa kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi) zimewashwa mahali ambapo hazitumiki. Bonyeza na ushikilie ADJUST, kitufe cha juu kushoto, mpaka jina la mji limweke. Vitufe vya kulia vinabadilisha mji, MODE ya chini kushoto inakupeleka kwenye kipengele kinachofuata, na ADJUST tena inakutoa. Kipengele cha majira ya joto kikiwa AUTO, saa inafuata kile mnara unachosema. Ukiwa nje ya masafa kitakuwa cha kubadilisha kwa mkono. Mji pia ndio unaoiambia saa isikilize mnara upi. LON (London) na BER (Berlin) husikiliza Anthorn na Mainflingen, TYO (Tokyo) husikiliza Japani, NYC (New York) husikiliza Fort Collins. Ukiweka mji usiohudumiwa na mnara wowote, saa haitajaribu kupokea, hivyo hutaona hata alama ya kushindwa.

Ukiwa nje ya masafa

Bila mnara, hii ni saa ya kawaida inayoongozwa na kifuwele kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na kiwango kinachotajwa ni kupotea si zaidi ya sekunde 15 kwa mwezi. Kwa wengi hiyo inatosha. Asiyeridhika anaweza kutumia programu za simu zinazoigiza msimbo wa JJY. Spika ya simu haiwezi kutoa kHz 40, lakini ikitoa sauti ya kHz 13.333, umeme unaopita kwenye koili yake huzaa pia wimbi dogo la mara tatu, ambalo ndilo kHz 40. Ni dhaifu mno, kwa hiyo saa lazima iwe imeigusa simu.

Utaratibu unaokwenda vizuri ni huu. Hakikisha simu yenyewe inachukua muda kutoka kwenye mtandao. Weka mji wa saa kuwa TYO. Fungua programu kwenye JJY ya kHz 40 ikituma muda wa Japani, pandisha sauti hadi mwisho, zima viboreshaji vyote vya sauti, kisha laza saa juu ya spika na uanzishe upokeaji wa mkono. Ikishindwa, sogeza saa sentimita moja moja, maana koili haiko katikati ya matundu ya spika kila mara. Tumia spika ya simu au spikamasikio za waya. Zile za Bluetooth hubana sauti za juu na msimbo unaharibika. Ikifaulu, rudisha mji wako. Saa itahesabu tofauti yenyewe na sekunde zitabaki sahihi. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Kama hayo yanaonekana ni kazi nyingi, kampuni hiyo hiyo inatengeneza G-5600UE, yenye umbo hili na sola bila redio, na GW-B5600, ambayo pamoja na redio hujisawazisha na simu kwa Bluetooth mara nne kwa siku popote ulipo. Kwa mtu anayeishi nje ya masafa, hizo mbili ni ununuzi wenye akili zaidi. GW-M5610U inapata thamani yake kamili kwa aliye ndani ya masafa, au anayesafiri kwenda huko mara kwa mara.

Betri, na kabla ya kulipa

Betri ndani ni CTL1616, ya kuchajiwa. Usikubali fundi aweke CR1616 kwa kuwa vipimo vinafanana. CR1616 si ya kuchajiwa, paneli itaendelea kuisukumia umeme, na mwisho wake ni kuvuja ndani ya saa. Mfuniko wa nyuma una skrubu nne; bisibisi iwe saizi yake hasa, maana vichwa huharibika upesi. Baada ya kuweka betri mpya, unganisha kwa kibano kiguso cha chuma kilichoandikwa AC na upande chanya wa betri kwa sekunde mbili, la sivyo saa inaweza kugoma kuwaka au kuonyesha namba za ajabu. Mpira wa kuzuia maji usafishwe, upakwe grisi kidogo ya silikoni, na ukae ndani ya mfereji wake wote. Kama umechanika au umekakamaa, ubadilishwe kabla saa haijaingia majini tena.

Rangi nayo ina maana. Toleo lenye namba nyeupe kwenye kioo cheusi linapendeza kwenye picha, lakini ndani ya nyumba yenye mwanga hafifu utalazimika kuwasha taa ili usome, na kila kuwasha ni chaji. Toleo lenye namba nyeusi kwenye kioo cha kijivu linasomeka kwa kutupa jicho mara moja.

Bandia ziko nyingi. Kwenye nyingi ya hizo paneli ni picha iliyochapwa, haina ile mistari ya mgawanyo hata ukiigeuza vipi. Ingia kwenye mipangilio uone kama kuna orodha ya miji na sehemu ya kupokea mawimbi. Geuza saa utazame nyuma: namba ya moduli (mtambo wa ndani ya saa) huandikwa ndani ya kisanduku kidogo, na kwa U ni 3495. Ikiwa chaji iko L kwa sababu ilikaa gizani stoo, si lazima uikatae. Omba ikae dirishani siku chache, kisha iangalie ikiwa kivulini, baada ya kuwasha taa mara tatu mfululizo. Ikibaki M bila kurudi L, betri ni nzima.